Kuziba Mto Kisha Kusema Ni Riziki

Kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, kilichotajwa katika Sura ya Al-A'raf, nani asiyekijua? Walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi, na siku hiyo ndiyo samaki walipowajia juu ya maji, wazi wazi. Siku nyengine hawaji. Wafasiri wanasema wakafanya hila. Wakatega kabla ya siku, wakatwaa samaki baada ya siku, na kila mmoja akajiona hana kosa kwani Jumamosi yenyewe hakuvua.

Hila hiyo ingali hai. Itazameni Nyasa. Mwambao wake wa Ruvuma, tangu Lituhi kupita Liuli mpaka Mbamba Bay, wote ulikuwa wa Mbinga hata ilipokatwa wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Nchi hiyo si ngeni kwetu watu wa pwani: misafara ya karne ya 19 ilitoka Kilwa ikafika ziwani, na biashara tuliyoipeleka huko, ya pembe na ya watu, si ya kujivunia.

Katika ziwa hilo yuko samaki aitwaye mbasa, mrefu, mweupe kama fedha. Huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha na mito ikijaa, hupanda mto kama Ruhuhu kwenda kutaga mayai penye changarawe na maji yendayo mbio. Hapo ndipo anapokuwa kama samaki wa Jumamosi: anakuja wazi, kwa wingi, mahali pamoja, wakati unaojulikana. Na hapo ndipo watu hutandaza nyavu toka ukingo hadi ukingo. Jike huvuliwa na mayai yake tumboni. Leo mbasa ni miongoni mwa samaki waliohesabiwa kuwa hatarini kutoweka, na mwenye wavu anasema, "Riziki ni ya Mwenyezi Mungu."

Ni kweli ni yake. Ndiyo maana huna haki ya kumfungia mlango anayeileta. Aliyekupa mbasa ndiye aliyempa mbasa njia ya mtoni. Kuziba njia hiyo kisha kulitaja jina la Mungu ni kumsingizia.

Wengine husema ziwa ni kubwa, haliwezi kwisha. Kubwa ni kweli. Kina chake hufikia kiasi cha mita 700. Lakini chini ya mita mia mbili na kitu maji yake hayana hewa, na samaki haishi humo. Tena upande wetu milima imeshuka mpaka majini, na mahali pengi pwani yenye maji haba ni ukanda mwembamba tu. Basi bahari hiyo mnayoiona ina ghorofa moja ya juu yenye wapangaji, na chumba cha kulelea watoto ni kidogo mno.

Simsemi mvuvi wa usipa, yaani dagaa wa kule, anayetoka usiku na taa yake akawavuta penye maji marefu. Usipa ni mdogo kwa umbile lake, maisha yake ni ya kiasi cha mwaka, na huzaa upesi. Namsema anayeburura chandarua cha mbu ufukoni, wanakokimbilia watoto wa samaki wa kila namna. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zimekataza makokoro. Anayedhani hayo ni maneno ya ofisini na aulize Ziwa Malombe, kule Malawi, kusini ya Nyasa. Nyavu za matundu madogo zilikokotwa humo mpaka zikang'oa hata majani ya chini, na chambo waliokuwa fakhari ya ziwa lile wakaporomoka katika miaka ya 1980, wasiinuke tena.

Hoja ya njaa siidharau. Katikati ya mwaka upepo wa Mwera, ndugu wa kusi letu, huchafua ziwa siku kadhaa, na mtumbwi wa gogo hauthubutu kutoka. Mwenye watoto hutazama ufukoni. Huyo namwonea huruma. Lakini kokoro refu la kuvutwa na watu kumi si lake. Ni la tajiri, naye haloi hata nyayo.

Nasi wa pwani tusijitakase. Mwaka 2015 watafiti waliosikiliza chini ya maji katika pwani ya Tanzania walihesabu milipuko ya baruti zaidi ya mia tatu katika mwezi mmoja, mingi yake karibu na Dar es Salaam. Msako uliofuata uliipunguza sana. Lakini samaki wale waliliwa na nani, kama si sisi?

Katika mji ule makundi yalikuwa matatu: waliovua, waliokataza, na waliowaambia wakatazao kuwa wanajisumbua bure. Waliovua waliangamia, waliokataza waliokoka. Juu ya kundi la tatu wafasiri wamekhitalifiana. Kesho muuza samaki akibisha hodi na changu mwenye nyama iliyolegea na mifupa iliyovunjika ndani, muulize, mbele ya majirani, kavuliwa kwa nini.