Yatima wa Askari Wasingojeshwe

Tarehe 13 Aprili, 2017, askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa huko Kibiti, Mkoa wa Pwani, wakirejea kutoka lindoni. Mazishi ya heshima ni haki ya marehemu, lakini hayamlishi yatima.

Polisi ni jambo la Muungano. Mjane wa askari aliyeko Micheweni au Makunduchi hutazama ng'ambo ya bahari kwa haki yake, huku akishughulikia hati za mirathi. Hatupingi utaratibu: fedha za umma sharti zimfikie mrithi halali. Lakini njaa haingoji muhuri.

Twaishauri Serikali itoe sehemu ya fidia mara baada ya mazishi, na iliyobaki ifuate mirathi. Askari hakuomba muda alipoitwa. Tusiwaombe muda watoto wake.