Kabla Hujanunua Kishikio cha Rangi ya Kucha, Angalia Chini ya Kitanda

Hebu sema ukweli, msomaji. Ni mara ngapi umeangusha chupa ya rangi ya kucha? Mimi niliacha kuhesabu kitambo. Lakini kuna moja siwezi kuisahau.

Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mwezi, siku ambayo sisi watu wa kucha huingojea kwa hamu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kuonekana, na tangu hapo mchana napaka kucha, usiku naandika. Siku hiyo kimeza changu kilikuwa kimejaa, kwa hivyo chupa nyekundu niliiweka juu ya goti. Mtoto wa jirani akapita mbio, akagonga kiti. Chupa ikalala. Rangi yote ikamwagikia kibeti cha mteja, kibeti cheupe kama maziwa.

"Mrembo," akaniambia polepole, bila kelele, "hicho nilikinunua cha harusi ya dadangu. Harusi ni kesho."

Nikashika pamba na asetoni, nikasugua. Hilo likawa kosa la pili, kwa sababu asetoni ilitoa rangi nyekundu pamoja na ngozi ya juu ya kibeti chenyewe. Nikalipa elfu mbili. Ikiwa mteja mmoja hunilipa soo mbili, piga hesabu mwenyewe: wateja kumi niliwapaka bure. Na huyo mama hajawahi kurudi.

Kwa hivyo mtu akikuambia kishikio cha chupa ya rangi ya kucha ni mambo ya urembo tu, mambo ya wasichana wasio na kazi, mwambie aje aongee na mimi. Kuna mabinti na vijana wengi mjini, kwenye saluni, vibandani na kwenye veranda za maduka, ambao kodi ya keja yao hutoka kwa chupa hizo ndogo. Chupa ikilala, pesa imelala.

Mbona zinaanguka ovyo hivyo? Angalia chupa yenyewe. Kitako chake ni chembamba na kifuniko ni kirefu. Ukivuta brashi, mara nyingi inashika shingo ya chupa na kuivuta kando. Mkono mmoja umeshika kidole cha mteja, mwingine umeshika brashi, na chupa haina wa kuishika. Chupa ikifika nusu mambo huharibika zaidi, kwa sababu brashi haifiki chini vizuri, inabidi uiinamishe. Hapo ndipo unaiegemeza kwa simu, kwa kikombe, kwa goti. Unacheza kamari.

Na si hasara ya pesa pekee. Ile harufu kali unayosikia ukifungua chupa ni viyeyushi vinavyopaa hewani, na vinashika moto haraka. Sasa fikiria kibanda cha kucha kilichobanana na cha mama wa chapati, jiko linawaka hatua mbili kutoka ulipo. Ukimwaga chupa nzima hapo, unaomba Mungu upepo uelekee kwingine.

Haya, suluhisho lipo na si geni. Ukifungua simu yako sasa hivi utaona vishikio vya kila aina: pete za silikoni za kuvaa kidoleni, vikombe vya plastiki, vingine vimepakwa rangi ya waridi vinang'aa. Siku hizi muuzaji akitaka kukumaliza anaongeza maneno matamu: "rafiki kwa mazingira." Na picha ya jani la kijani.

Mimi sina shida na jani. Shida yangu ni maswali ambayo hatuulizi. Hicho kitu kimetengenezwa kwa nini? Kimesafiri kutoka wapi? Kimefungwa kwa plastiki ngapi ndipo kikufikie? Kikivunjika, kitaenda wapi? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni lile tunalolijua sote: kitapanda lori la taka kielekee Dandora, au kitaishia kwenye mtaro nje ya ploti mpaka mvua ije.

Kwangu, kishikio rafiki kwa mazingira lazima kipite mitihani mitatu. Kwanza, kitengenezwe kwa kitu ambacho tayari kipo na kilikuwa kinatupwa. Pili, kidumu. Tatu, kifanye kazi kweli, kwa sababu kitu cha kijani kisichofanya kazi ni takataka iliyochelewa tu.

Sasa inama uangalie chini ya kitanda. Unaona hiyo patapata iliyokatika mkanda, ambayo mwenzake alipotea zamani? Hapo ndipo kishikio chako kilipo.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa viatu mtaani kwetu. Nilimpelekea patapata anitilie mkanda, akanicheka. "Msichana wangu, hii imekufa. Lakini soli bado nzuri." Nikamweleza mambo ya chupa. Akachukua kisu, dakika tano hazikuisha, akanipa kipande chenye tundu. Mpaka leo ndicho ninachotumia.

Fanya hivi. Osha patapata kwa sabuni na brashi, ikauke kabisa. Kata vipande viwili kutoka sehemu ya kisigino, ambako soli ni nene, kila kimoja kiwe kipana kama kiganja chako. Simamisha chupa juu ya kipande cha kwanza, chora kuizunguka kitako, kisha kata ndani kidogo ya mstari ili tundu libane. Bandika kipande hicho juu ya kile cha pili kwa gundi ya viatu na ukiache kikauke usiku mzima. Ukisukuma chupa ndani, inakaa kama imepandwa. Upana wa kipande unaizuia kulala, na mpira haupendi kuteleza mezani. Ukitaka kishikio cha chupa zinazoelekea kuisha, kata tundu mshazari ili chupa ikae imeinama, rangi ikusanyike upande mmoja.

Angalizo moja: usidanganyike ukatumia ile boksi nyeupe nyepesi inayofungiwa TV na friji. Asetoni ikiigusa tu, inayeyuka mbele ya macho yako. Patapata yangu imemwagikiwa asetoni mara kadhaa na bado iko kazini. Halafu vile vipande vinavyobaki usivichome. Moshi wake si mzuri kwa kifua cha mtu yeyote. Mimi huvijaza kwenye mto wa kuegemezea mkono wa mteja.

Usifikiri hili ni wazo la kimaskini nililolitoa hewani. Pwani yetu imewafundisha wengi jinsi ya kuiheshimu patapata iliyokufa. Kule Kiunga, Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church aliona watoto wakichonga vichezeo kutoka kwa ndara zilizotupwa ufuoni na bahari. Kutokana na hayo ikazaliwa kazi ambayo leo inaitwa Ocean Sole, inayogeuza ndara kuu kuu kuwa sanamu za twiga, ndovu na kasa zinazouzwa hadi nchi za nje. Na hukohuko Lamu, mwaka 2018, mafundi wa jahazi walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyotumika na kuvikwa maelfu ya vipande vya ndara. Mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ikiwa ndara inaweza kuvuka bahari, haiwezi kushinda kuishika chupa yako ya rangi.

Serikali nayo ilifanya sehemu yake, hatuwezi kukataa. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku, na faini inaweza kufika shilingi milioni 4. Wengi walisema Wakenya hawataweza kuishi bila jwala. Tuliweza. Lakini sheria ilishughulikia mfuko. Haikugusa tabia yetu ya kununua kitu kidogo cha plastiki kila tunapopata tatizo dogo.

Najua utaniambia nini. Rafiki yangu mmoja tunayefanya naye kazi alinirushia maneno hayo: "Wewe, mteja akiona patapata juu ya meza atatoroka. Watu wanalipia urembo." Ana hoja. Saluni ni sura. Ndiyo maana nilivisha yangu kitambaa cha leso kilichobaki kwa fundi wa nguo, na siku hizi wateja huuliza nimekinunua wapi. Nikiwaambia ni nini, wengi hucheka, kisha wanaomba niwatengenezee. Lakini hata bila leso, ukiniuliza kati ya meza inayopendeza na kibeti kilichoharibika, nimeshakuambia nilikolipia somo hilo.

Mwingine atasema kishikio kimoja hakitasafisha mto Nairobi. Kweli kabisa, na sitakudanganya kwamba kitasafisha. Wanaotengeneza na kuingiza plastiki nchini ndio wanaopaswa kubeba mzigo mkubwa, na tusiache kuwadai. Lakini hilo halituzuii kuokoa elfu mbili zetu leo. Mazingira tukiyaongelea kama mahubiri, watu husinzia. Tukiyaongelea kama pesa ya unga, wanasikiliza.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Wenye saluni, msimkate mfanyakazi mshahara kila chupa ikimwagika ilhali hamjampa hata kitu cha kuisimamishia. Mpeni kishikio kwanza, kisha mumlaumu. Walimu wa vyuo vya urembo, wafundisheni wanafunzi kutengeneza kifaa hiki siku ya kwanza, kabla hata ya kushika brashi. Hakihitaji maabara wala bajeti. Na wewe kijana mwenzangu, usikimbilie kutafuta jina la kampuni na nembo. Tengeneza kimoja. Kitumie mwezi mzima. Kikikufaa, mtengenezee jirani kwa bob hamsini na umpe fundi wa viatu sehemu yake, kwa sababu kisu na ujuzi ni vyake.

Mimi sikumaliza chuo, na kuna siku hilo huniuma. Ila nimejifunza kwamba si kila ujuzi hukaa darasani. Mwingine umekaa kando ya barabara, chini ya mwavuli uliotoboka, mikononi mwa mzee mwenye kisu na gundi, akingoja mtu amuulize.

Leo jioni ukifika nyumbani, itafute ile patapata. Na chupa yako usiiweke tena kwenye goti.