Mfano Mmoja Si Kanuni

Juma hili twataka kusema neno juu ya mifano tunayoitia katika maandiko yetu.

Mwandishi asemapo jambo la jumla hutafuta mfano wa kuliunga mkono. Afanya vema, maana mfano ni dirisha la nyumba: huingiza nuru. Lakini dirisha halibebi paa. Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano. Mfano wa mpanzi watufumbulia maana, wala haudai kuhesabu mashamba yote ya dunia.

Tuutazame mlima wetu Nyiragongo. Tuseme mwanafunzi wa Goma aandika katika insha yake: “Mlima huu daima hutoa ishara kabla ya kupasuka.” Kisha ataja mwaka 2002. Mfano huo ni wa kweli. Miezi kadhaa kabla ya tarehe 17 Januari mwaka ule ardhi ilitetemeka mara kwa mara, na wataalamu walitoa onyo. Ndipo lava, ule uji wa moto, ikaingia mjini, ikaliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu wapatao 120,000 wakakosa makao. Msomaji akisikia msiba mkubwa namna hii, husadiki upesi.

Walakini jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ule ule ulipasuka, na vyombo vya wataalamu havikuwa vimeonyesha mapema ishara iliyo wazi. Siku hiyo neno “daima” lilianguka. Kisa kimoja kilitosha kuliangusha, ingawa visa vingi visingetosha kulithibitisha.

Wala mtu asikimbilie upande wa pili na kuandika: “Ishara hazina maana.” Huko nako ni kugeuza mfano mmoja kuwa kanuni. Mwandishi mwaminifu angesema: “Mara nyingine mlima huu hutoa ishara, mara nyingine hautoi, kwa hiyo kila jamaa na ijue mapema njia ya kukimbilia.” Maneno hayo hayana utamu wa “daima”, lakini yaweza kuokoa watoto.

Basi, msomapo na mwandikapo, jiulizeni mambo mawili: Je, mfano huu waeleza tu, au wathibitisha? Na je, uko mfano mwingine unaoupinga, ambao mwandishi ameuacha nje?