Vidole Vyetu, Laini Zao

Ndugu zangu wa Ufipa, ripoti za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikitutaja sisi Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Ukifika Dar es Salaam ukasema umetoka Sumbawanga, watu wanashika simu zao na kucheka. Nasi tunacheka nao.

Anayeandika "ile hela tuma kwenye namba hii" ni mtoto wetu. Alimaliza kidato cha nne, akalima mahindi kwa mbolea ya mkopo, wakati wa mavuno bei ikaporomoka, magunia akamwachia dalali kwa bei ya kutupa. Jirani yake hakushika jembe, na mwaka huohuo kanunua bodaboda. Hapo kumhubiria kazi halali ni kazi. Lakini anayelizwa naye ni mama ntilie, au mzee anayesubiri hela ya mwanawe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Akikamatwa mmoja, wenzake bado wako kijiweni.

Na laini wanazitoa wapi, ikiwa tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa? Bibi anakuja mnadani kusajili laini yake. Kijana wa chini ya mwamvuli anamwambia, "Bibi, mtandao unasumbua, weka kidole tena." Bibi anarudi kijijini na laini moja, ya pili, yenye jina lake, inauzwa jioni.

Basi wiki hii kila mwenye namba ya NIDA apige *106#, na wazee wetu tuwapigie. Namba usiyoitambua ikafutwe. Ujumbe wa kitapeli upelekwe 15040. Nawe mwenye nyumba, mpangaji ana simu tano na hana kazi, wewe unampandishia kodi tu? Huo ni mgawo.

Halafu twendeni kwenye mikutano ya mitaa na vijiji. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Tuulize bila haya: kikundi gani kilipata, kilifanyia nini, kimerejesha? Anayeweza kumshawishi mtu asiyemjua atoe hela hashindwi kuuza mafuta ya alizeti. Tuje na vijana haohao, wakajiandikishe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla msimu wa kulima haujaanza.