USHIRIKA WETU: Soma Hesabu za Chama Chako

Ndugu mkulima,

Msimu wa kahawa ukifika, wewe wa Bukoba na wewe wa Muleba hupeleka magunia kwenye chama cha msingi. Karani hupima. Hukupa stakabadhi. Je, baada ya hapo unauliza nini?

Chama hicho ni mali yako. Ulilipa kiingilio na kununua hisa. Bodi mliichagua ninyi. Mshahara wa karani hutoka kwenye kahawa yenu. Mwenye mali asipouliza, mali huliwa.

Ushirika wa kahawa hapa kwetu ni wa siku nyingi. Chama kikuu cha Bukoba kiliandikishwa mwaka 1950. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu nchini. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Baadaye wakulima wa Bukoba na Muleba wakawa na chama kikuu cha KCU.

Ikaja Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Sheria hiyo iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika ili isimamie vyama. Liko pia shirika la COASCO, linalokagua hesabu. Sheria ipo na mkaguzi yupo. Lakini mkaguzi husoma vitabu. Hakuwapo siku ulipopima kahawa yako. Wewe ulikuwapo.

Usidhani hesabu za uongo ni jambo la vijijini tu. Huko India ilikuwapo kampuni kubwa ya kompyuta iitwayo Satyam. Januari 2009 mwenyekiti wake, B. Ramalinga Raju, alikiri kwamba vitabu vilionyesha fedha nyingi benki, na fedha hizo hazikuwapo. Wakaguzi walikuwa wametia sahihi. Wenye hisa wakapata hasara. Mwaka 2013 India ilitunga sheria mpya, kampuni kubwa zisikae na mkaguzi yule yule miaka mingi. Mwaka 2015 mahakama ilimhukumu Raju kifungo cha miaka 7. Hasara ilikuwa imekwisha kupatikana.

Basi tusingoje mahakama. Tufanye haya:

1. TUNZA STAKABADHI. Isome hapo hapo mbele ya karani. Tazama jina, tarehe, kilo na bei. Mama, wewe uliyeanika kahawa hiyo, isome pia.

2. PIGA HESABU. Tuseme umeuza kilo 240, kila kilo shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 480,000. Makato ni shilingi 100 kwa kilo, yaani shilingi 24,000. Unapaswa kupata shilingi 456,000. Ukipewa 440,000, uliza: shilingi 16,000 ziko wapi?

3. USIUZE KWA BUTURA. Aliyeuza kahawa ingali ua hupata bei ndogo. Tena hana stakabadhi ya chama. Atauliza kwa karatasi gani?

4. NENDA MKUTANO MKUU. Uliza maswali manne:
Chama kilipokea kilo ngapi?
Kiliuza kilo ngapi, kwa bei gani?
Kina deni kiasi gani, na nani aliruhusu likopwe?
Mkaguzi alisema nini, na bodi imefanya nini?

Kilo zilizoingia na zilizouzwa zikitofautiana, bodi ieleze kisa chake. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Uliza kwa adabu, bila matusi. Kiongozi mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana majibu humsafisha mbele ya watu. Msipojibiwa, andikeni barua kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Tieni sahihi wengi, na mbaki na nakala.

Ndugu mkulima, umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Anza na karatasi inayohusu jasho lako. Mwezi wa mkutano ukifika, fungua sanduku, toa stakabadhi zako zote, jumlisha kilo, kisha uende nazo mkutanoni.