MTU MZIMA AKIINGIA NGOMANI, KOSA LAKE NINI?

Yako maneno yanayosemwa hapa Tukuyu na kote Rungwe ambayo tumeyavumilia kwa muda mrefu, na sasa tumeona hayafai kuvumiliwa tena. Maneno yenyewe ni haya: ati ngoma ni ya vijana, ati mtu akishapita miaka hamsini kazi yake ni kuketi kwenye benchi, kupiga makofi na kungoja soda. Akiinuka na kuingia uwanjani, huchekwa. Akijiandikisha katika kikundi, huitishiwa kikao cha ukoo.

Tunamjua mama mmoja, mjane, mchuma chai, aliyekwisha pita miaka sitini. Ujana wake wote hakucheza, kwani nyumbani kwao ngoma ilikuwa mwiko; na alipoolewa hakupata nafasi, asubuhi shambani, mchana kuni, usiku watoto. Mwaka jana aliingia kikundi cha ngoma cha wanawake wa kijiji chake. Akashona sare, akajifunza hatua pamoja na mabinti walio sawa na wajukuu zake. Siku kikundi kilipocheza hadharani mtu alimpiga picha kwa simu, na kabla ya jua kutua picha ile ilikuwa imewafikia wanawe walioko mjini. Wakapiga simu. Hawakuuliza kama alifurahi. Wakasema, "Mama, unatuaibisha. Kama shida ni fedha, tutakutumia." Mama akawajibu, "Fedha tumeni, mbolea ni ghali. Na Jumamosi nakwenda ngomani."

Sisi tuko upande wa mama huyu, na tutaeleza sababu.

Wanaompinga ni watu wa namna tatu. Wa kwanza ni wale wasemao kwamba ngoma ni ushenzi, na mtu mzima aliyeongoka hana haki ya kurudi huko. Hao twawakumbusha historia. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo wale wa Berlin nao wakaingia katika nchi ya Wanyakyusa. Walileta shule na dawa, na hayo hatuyakani. Wengi wetu tumesoma kwa sababu ya kazi iliyoanza wakati ule. Lakini aliyebatizwa alitakiwa kuiacha ngoma, hata ile ya msibani, ambako tangu kale wanaume walicheza na mikuki mikononi, na wanawake wakipita kati yao. Mgeni aliona ghasia. Wenyeji walijua wanamlilia mtu wao.

Basi twauliza swali moja tu. Jumapili, mama yule yule akisimama katika kwaya, amevaa sare, akiimba na kuyumba kulia na kushoto pamoja na wasichana, nani humcheka? Hakuna. Mwili ni ule ule, umri ni ule ule, furaha ni ile ile. Kama kwaya haimwaibishi, ngoma itamwaibisha kwa lipi?

Wa pili ni wasomi, na hapa tunajitia na sisi wenyewe tuliotoka vyuo vya ualimu. Msomi hakatai ngoma. Huisifu sana akiwa amekaa. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akihutubia kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alilishutumu jambo hili waziwazi: kwamba waliosoma tulijifunza dansi za Wazungu na hatukuzijua ngoma za kwetu. Akaunda wizara mpya, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1963 kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Kazi ile ilikuwa njema. Lakini liangalieni jina lile: utamaduni na vijana. Tangu siku hizo tumezoea kudhani kwamba mzee kazi yake ni kukumbuka ngoma, na kijana kazi yake ni kuicheza. Mzee huhojiwa, huandikwa, hurekodiwa; kisha huambiwa, "Ahsante mzee, sasa kaa pale."

Wa tatu ndio wenye hoja nzito. Wanasema, "Desturi yetu ni rika na rika. Mtu mzima hachanganyiki na watoto." Ni kweli kwamba Wanyakyusa walikaa kwa marika. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika jinsi wavulana walivyotoka nyumbani kwa baba zao wakiwa na miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao, na kijiji kile cha rika moja kikakua nao hata uzeeni. Shabaha yake ilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula pamoja, kuzungumza na kutaniana. Na watu waliamini kwamba asiyekaa na wenzake hapati busara. Wilson alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa maana hiyo hiyo, "Good Company".

Sasa enyi watetezi wa desturi, tuonyesheni vijiji hivyo vya marika viko wapi. Wanaume walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, wengine migodi ya shaba huko kusini. Ardhi ikajaa kahawa na chai, kila mtu akabaki na mpaka wake. Leo vijana wako Mbeya na Dar es Salaam. Mzee amebaki na migomba, redio na mvua ya Tukuyu. Na mwanamke je? Yeye hata zamani hakuwa na kijiji cha rika lake. Aliolewa akahamia kwenye kijiji cha mumewe. Ukwangala wa kudumu alipewa mwanamume. Mama anayeingia kikundi cha ngoma akiwa na miaka sitini havunji desturi. Anajitafutia kile ambacho desturi ilimpa mumewe na yeye ikamnyima.

Hii ndiyo shina la maneno yetu. Ngoma kwa mtu mzima si onyesho. Ni mahali pa kuwa mtu kati ya watu. Pale huulizwa, "Jana mbona hukuja?" Akiugua, watu wa kikundi watajua. Akifiwa, watafika kabla ya matanga kuanza.

Wako watakaosema haya ni mambo madogo, siasa iko kwingine. Hao hawaijui siasa ya nchi hii. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, na kwa njia yao maelfu ya wanawake wakaingia TANU. Wengi wa wanawake wale walikuwa watu wa makamo, wala hawakuwa wamesoma. Hawakuwa na ofisi wala mashine ya chapa. Walikuwa na ngoma, na ngoma ilikuwa imekwisha kuwafundisha kukusanyika, kuchanga fedha na kuaminiana.

Na asemaye kwamba uzee na ngoma havipatani, amwangalie Bi Kidude wa Zanzibar. Alipiga ngoma za unyago na kuimba mpaka uzeeni kabisa, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akafariki tarehe 17 Aprili 2013, na hakuna aliyesema kwamba aliwaaibisha Waswahili. Hata madaktari wanayo ya kusema. Mwaka 2003 watafiti wa New York walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee 469 waliopita miaka 75: katika michezo yote ya mwili waliyoipima, ni dansi peke yake iliyoonekana kwenda pamoja na upungufu wa ugonjwa wa kupotewa na akili. Hatusemi ngoma ni dawa. Twasema anayemkalisha mama yake kwa jina la heshima afikirie mara mbili.

Mwisho tujikosoe wenyewe, maana mkosoaji asiyejikosoa ni mnafiki. Mara ngapi sisi waandaaji wa mikutano tumewaita wachezaji saa mbili asubuhi, hali tunajua mgeni atafika saa nane? Tumewasimamisha kwenye jua na mvua, wamecheza dakika tano, mgeni amepunga mkono, tukawapa soda na kuwasahau. Na tulipochagua wachezaji, tulisema, "Leteni wale wasichana, wazee wakae." Tumefanya hivyo. Ni kosa letu, na likome.

Twataka mambo manne. Kila kikundi cha ngoma, toka Kiwira hata Masoko, kiwe na mlango ulio wazi kwa mtu mzima ajaye kujifunza, na apewe mwalimu mwenye subira. Asiyeweza kuruka apewe hatua za chini au apewe ngoma apige, lakini awe ndani ya duara. Mashindano yasihukumiwe kwa wepesi wa miguu peke yake, kwani tangu Tukuyu ilipopata tamasha la ngoma za asili katika miaka ya 2010 tumeona jinsi tuzo inavyoweza kuwasukuma wazee nje. Na mikutano yetu ianze kwa saa iliyotangazwa; mgeni akichelewa, wachezaji wapumzike kivulini.

Nanyi wana mlioko mijini, mkiona picha ya mama yenu uwanjani, msipige simu ya kumgombeza. Mpigieni mumuulize ngoma ilikuwaje, kisha mtume fedha za mbolea.

Uhuru na Umoja.