Picha ya Diski ya Jicho Iwekwe Katika Faili la Kila Mgonjwa wa Glakoma

Katika daftari la mgonjwa wa glakoma mara nyingi huonekana mambo mawili: kipimo cha presha ya macho, na namba kama 0.6 au 0.7 iliyoandikwa kwa haraka. Namba hiyo ya pili ndiyo yenye habari nzito zaidi, na ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Inaeleza uwiano wa wima kati ya diski, yaani kichwa cha neva ya jicho kinachoonekana nyuma ya jicho, na kikombe, yaani shimo lililo katikati yake. Nyuzi za neva zinapokufa, ukingo wa diski hupungua na kikombe hupanuka. Neva ya jicho moja ina nyuzi zipatazo milioni moja, na zilizokufa hazioti tena.

Mgonjwa aliyeandikiwa 0.6 mwaka jana huja mwaka huu, akaonwa na daktari mwingine, akaandikiwa 0.7. Je, ugonjwa umeendelea, au ni watu wawili tofauti waliotazama diski ileile? Daftari haliwezi kujibu. Hata wataalamu wazuri hutofautiana kwa 0.1, pengine 0.2. Matokeo yake mmoja huongezewa matone asiyoyahitaji na kuyanunua kwa shida, na mwingine huambiwa aendelee vilevile huku upeo wake wa kuona ukisinyaa. Picha mbili zenye tarehe zingepunguza sana ubishi huo. Kuendelea kumfuatilia mgonjwa wa glakoma kwa namba tupu, mahali penye kamera au hata simu yenye kamera nzuri, ni uzembe uliozoeleka.

Jina lenyewe, presha ya macho, limechangia. Limewafanya wengi waamini kwamba presha ikiwa ya kawaida jicho ni zima, ilhali wako wenye glakoma ambao presha yao, ilipopimwa siku hiyo, haikuzidi 21. Wala huu si ugonjwa wa nadra: utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliukuta kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Hoja kwamba vifaa ni ghali ina ukweli, lakini si ukweli wote. Huko Nakuru, Kenya, kati ya mwaka 2013 na 2014, diski za watu wazima 1,460 zilipigwa picha kwa kamera ya kawaida ya hospitali na kwa simu iliyofungwa kifaa kidogo kiitwacho Peek Retina. Baadhi ya picha za simu zilipigwa na mtu asiyekuwa na uzoefu wowote wa kazi ya afya. Picha zilisomwa London, na wastani wa tofauti ya uwiano kati ya vifaa hivyo viwili ulikuwa 0.02 tu. Kwa jicho mojamoja tofauti iliweza kufika karibu 0.2, na hilo lisifichwe; picha husaidia jicho la mtaalamu, haichukui nafasi yake.

Ubora wa picha ndio unaopuuzwa. Baadhi ya kamera zililetwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, kwa hiyo mpiga picha amezoea kulenga kitovu cha retina na kuongeza mwanga ili retina nzima ionekane. Diski hung'aa kuliko sehemu zinazoizunguka; mwanga huo huifanya iwe duara jeupe lisilo na kikombe wala ukingo. Diski iwekwe katikati, mwanga upunguzwe, na ulengaji uhakikiwe kwa mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo ndiyo msaada mkubwa wa msomaji pia: mpaka wa kikombe ni pale inapopinda, si pale weupe unapoishia. Zikipigwa picha mbili mfululizo, kamera ikisogezwa kidogo kando kabla ya ile ya pili, kina cha kikombe huonekana zikitazamwa pamoja. Mboni ikiwa ndogo itanuliwe kwa matone, baada ya kuhakikisha kuwa pembe ya jicho si finyu, na mgonjwa aelezwe kwamba ataona ukungu kwa saa chache na asiendeshe chombo.

Mashine ya OCT, inayopima unene wa tabaka la nyuzi za neva, ni msaada mkubwa panapopatikana. Hata hivyo rangi zake nyekundu na kijani hutokana na kumlinganisha mgonjwa na watu waliochaguliwa na mtengenezaji. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana diski kubwa, na diski kubwa huwa na kikombe kikubwa hata ikiwa nzima. Tena doa dogo la damu kwenye ukingo, ishara kwamba ugonjwa huenda unaendelea, huonekana katika picha ya rangi na hufutika baada ya wiki au miezi michache. Asiyepiga picha siku hiyo hataliona tena.

Picha iandikwe jina, tarehe na jicho, la kulia au la kushoto, na mgonjwa apewe nakala, hata katika simu yake, ili akihama kliniki asianze upya. Isisambazwe katika makundi ya simu ya watumishi. Ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima waitwe nao, kwani hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine. Picha zao za leo, hata zikionyesha diski nzima kabisa, ndizo zitakazolinganishwa na za miaka 10 ijayo.